Mkate Kwenye Boneti

Jumatatu, 2 Septemba

Mshtuko wa kwanza wa wiki. Mama mkwe katangaza wakati wa chai, mbele ya watu wote, kwamba Jumapili bibi arusi wa shemeji Dilmurod ataletwa nyumbani kwa gari letu. Si gari la kukodi. Gari letu! La mume wangu Ulmas! Lile jeupe lililokaa chini ya mizabibu tangu Ulmas aondoke kwenda Urusi kujenga maghorofa ya watu.

Nikatoka kulitazama. Yarabi toba.

Zabibu zimedondokea paa mpaka zimetengeneza jamu. Ndege wameandika barua ndefu kwenye kioo cha mbele. Ndani, mtindi wa mwanangu Oydin aliomwaga mwezi wa sita bado uko, chini ya plastiki ya siti, na sasa una umri mkubwa na tabia mbaya. Nyuma, harufu ya kondoo. Kondoo huyo si wangu. Kondoo huyo alibebwa na shemeji Tohir bila kuniambia.

Dada Barno, mke wa Tohir, akaja nyuma yangu na mikono kiunoni. Akauliza hivi hilo ni gari au zizi limewekwa magurudumu. Sufuria za Dada Barno zinang'aa kiasi kwamba majirani hujitengeneza nyusi humo. Hivyo anadhani ana ruhusa ya kusema lolote.

Kisha Tohir akamwambia mama yake, kwa ile sauti yake ya upole wa kuazima, kwamba mwanamke mwenye mtoto mchanga hawezi kutunza gari. Kwamba afadhali ufunguo ukae kwake mpaka Ulmas arudi.

Ulmas alisema ufunguo ni wangu. Nimefaulu mtihani wa udereva, mara ya pili lakini nimefaulu. Na mama yangu yuko Rishton, na magoti yake hayampandishi basi tena, na hajamshika Oydin tangu akiwa kifurushi cha nguo chenye macho. Oydin sasa anatembea! Anavunja vikombe! Mama yangu hajaona hata kikombe kimoja kikivunjwa.

Mama mkwe akafikiri. Akatafuna lozi. Akasema, basi, Jumapili tutaona. Gari likifaa kumbeba bibi arusi, ufunguo wa Sanobar. Likitia aibu, ufunguo wa Tohir.

Dada Barno akanishauri nilipeleke kwa waosha magari pale sokoni, maana kuna kazi za kuachia wenye kazi. Anitambue! Nitaliosha mwenyewe. Tena si kuosha tu. Kusafisha kwa kina, ndani nje, kila tundu, kama wafanyavyo mabingwa. Nimepata video kwenye simu. Bwana mmoja mwenye upara, gari chafu kuliko langu, na mwisho wa video anajitazama kwenye mlango na kuchana ndevu.

Nimeiangalia nikimlaza Oydin. Nilizima sauti asiamke. Si kitu, macho ninayo.

Jumanne, 3 Septemba

Siku nimeianza vizuri. Nimemfunga Oydin mgongoni, nimejifunga kitambaa kichwani, nimekunja mikono. Nikaanza na siti, kama Bwana Upara.

Nikaona tofauti moja. Siti za Bwana Upara hazina plastiki. Zangu zinayo, ileile ya kiwandani, aliyoilinda Ulmas kama mboni ya jicho. Nikafikiri. Mtindi uko chini ya plastiki. Siwezi kuosha mtindi kupitia plastiki. Nikashika pembe moja. Nikavuta.

Ile sauti! Kraaaaa! Imesikika mpaka barabarani. Nikavuta ya pili. Ya tatu. Jamani, raha! Kama kumenya yai.

Nilipogeuka, Dada Barno alikuwa amesimama na ndoo, maji yanamwagikia miguuni hana habari. Akapiga kelele Mama, Mama, njoo, kalivua nguo! Kalivua gari nguo!

Mama mkwe akaja mbio na kiatu kimoja. Akaona. Akakaa chini palepale, kwenye ngazi, mkono kifuani. Akasema gari la marehemu baba mkwe liliishi miaka na plastiki yake, likauzwa na plastiki yake, na aliyelinunua alilia kwa furaha. Akauliza watu watajuaje sasa kwamba gari ni jipya. Nikasema Mama, mtindi. Akasema mtindi ni wa ndani ya nyumba, plastiki ni ya macho ya watu.

Majirani wawili wakachungulia ukutani. Mmoja akanong'ona, kwa ile minong'ono inayosikika Tashkent, kwamba Ulmas lazima amefukuzwa kazi, wameanza kuuza gari vipande vipande.

Nikajaribu kurudisha plastiki. Hairudi. Plastiki ikishatoka ni kama dawa ya meno.

Basi nimesonga mbele. Maji, sabuni ya kufulia, brashi ya mazulia. Nimesugua mpaka mabega yakawa ya mtu mwingine. Ndoo baada ya ndoo. Oydin alipiga makofi mgongoni. Siti zimetoka safi, rangi ya kijivu nzuri, sikuwa hata nikijua zina maua madogo!

Nimefunga vioo vyote vizuri vumbi lisiingie.

Jumatano, 4 Septemba

Nimefungua mlango asubuhi.

Nimefunga mlango.

Salaala! Kondoo amefufuka! Amefufuka na kaoga mtindi! Joto la jana limepika yale maji yote usiku kucha ndani ya vioo vilivyofungwa. Siti ukizikalia zinatoa sauti ya chura. Oydin akanusa, akanitazama, akaniuliza kwa mdomo wake wa meno sita: mee?

Ndiyo mwanangu. Mee.

Nimefungua milango yote minne na buti, jua liingie. Wakati huo nikarudi kwenye video. Baada ya siti, Bwana Upara anachukua chupa ya kupuliza, ndani kuna maji ya rangi ya dhahabu. Anapuliza dashibodi. Anapangusa. Dashibodi inang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Nikasimamisha picha. Nikaisogeza karibu. Maji ya dhahabu. Mazito kidogo. Yanang'arisha.

Mafuta! Nani asiyeyajua mafuta ya pamba? Tuna dumu zima, la pilau ya harusi.

Nikajaza chupa ya kupulizia maua. Nikapuliza dashibodi, usukani, milango, gia, mikanda, kila kitu cheusi. Nikapangusa na kitambaa laini cha Oydin. Lo! Lo, lo, lo! Nilijiona! Nilimwita Dada Barno aje ajione. Akaja akajiona, akakosa neno. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe! Nikaandika moyoni tarehe.

Saa sita jua likapamba moto. Ndipo harufu ikaanza. Kwanza kidogo. Halafu barabara nzima. Vijana wa Dilmurod waliokuja kupima meza za harusi wakauliza pilau imeiva saa ngapi. Fundi viatu wa kona akaja na kijiko chake mfukoni. Mama mkwe akawaambia hakuna pilau, akaambiwa asiwe mchoyo, harufu hiyo hapo. Akafuata harufu mwenyewe, pua mbele, jikoni, ghalani, uani, mpaka kwenye gari la mwanawe. Akaingiza kichwa. Akakitoa polepole.

Akaenda kumwomba fundi viatu radhi.

Mimi nasema pilau ni bora kuliko kondoo. Ingawa sasa, kwa kweli, ni pilau ya kondoo.

Nimeacha vioo wazi usiku siti zikauke. Leo nimejifunza.

Alhamisi, 5 Septemba

Mtu aliyezaliwa hapa Kokand atacheka. Mimi ni wa Rishton, nilisahau upepo.

Umevuma usiku kucha. Vumbi la mashamba yote ya pamba ya bonde hili limepita katika vioo vyangu vinne vilivyo wazi, likakuta mafuta, likaona hapa ndipo kwetu. Dashibodi imeota manyoya! Usukani una ndevu! Nikapangusa kwa kitambaa, ikawa tope. Nikapangusa tope, likaingia kwenye vitundu vya hewa. Nikavuta pumzi nyingi. Nikasema sawa, ndani tutarudi. Twende nje.

Nje ndiko Bwana Upara anakofanya jambo la ajabu. Baada ya kuosha, anachukua donge jeupe laini. Analifinyanga kwa vidole. Analibonyeza, analitandaza, kisha analisugua kwenye boneti lililolowa. Likichafuka, analikunja, upande safi unatokea, anaendelea. Na rangi inabaki laini kama shavu la mtoto.

Nilirudia mara nyingi nikiangalia vidole vyake. Vidole hivyo havidanganyi. Ni donge la unga! Maji, unga, chumvi kidogo. Nimekanda unga tangu nikiwa siwezi kufika mezani. Hatimaye kitu ninachokijua kuliko Dada Barno, kuliko Tohir, kuliko waosha magari wote wa sokoni!

Nikakanda bakuli kubwa. Nikalipumzisha chini ya kitambaa. Nikaanza na boneti.

Nadhani mwanzo ulikuwa mzuri. Liliteleza. Lilichukua vumbi. Lilikunjika. Halafu saa tano ikafika na bati likapata moto, na donge likaacha kuteleza. Lilibaki lilipo. Nikavuta, likavutika kama mpira, mkono mmoja juu ya paa, mwingine kwenye taa. Nikaongeza maji, likawa gundi. Nikaongeza unga, likawa zaidi. Nikaenda kuchukua ndoo, Oydin akaangukia nyanya, nikambembeleza, nikamwosha, nikambadilisha.

Niliporudi, gari lilikuwa limeiva.

Sitanii! Vipande vyote vimevimba juu ya boneti, juu ya paa, pembeni, kahawia kwenye kingo, na mapovu! Kama vimetoka tanurini! Harufu nzuri, lazima nikiri.

Mama mkwe akaingia getini na mashangazi wawili, wametoka kuazima sahani za harusi.

Sahani zilianguka. Mbili tu, nashukuru.

Sijawahi kuona uso ule. Alikuja mpaka kwenye boneti. Akanyoosha kidole, akagusa, akakivunja kipande kidogo, akakinusa. Akauliza kwa sauti ya mtu aliye chini ya kisima: hii ni nini, binti yangu? Nikasema unga, Mama. Akasema huu si unga tena. Huu umeiva. Huu ni mkate. Umeweka mkate juu ya gari na kuusugulia kinyesi cha ndege.

Hapo ndipo na mimi nilishtuka kweli. Katika nyumba hii kipande kikianguka kinaokotwa, kinabusiwa, kinaguswa kwenye paji la uso. Chumbani kwangu, ukutani, unaning'inia mkate alioung'ata Ulmas siku ya safari, ng'ato moja, meno yake yanaonekana, unamngoja arudi aumalize. Kila usiku naugusa. Na mimi huyuhuyu nimesugulia mkate mavi ya njiwa!

Shangazi mmoja akaanza kuomba toba kwa niaba yangu.

Ijumaa, 6 Septemba

Mama mkwe kakataza kisu. Chuma hakigusi mkate. Kakataza brashi. Kakataza bomba la maji, kwamba makombo yasianguke chini yakakanyagwa. Maji ya vuguvugu na vidole, basi, na chini tumetandika shuka safi la maua.

Familia nzima imebandua mkate kutoka kwenye gari tangu alfajiri. Watu wako katikati ya maandalizi ya harusi! Bwana harusi mwenyewe alikuwa juu ya ngazi, anabandua paa, anasema bismillahi kila kipande. Tohir alikuwa kwenye taa za mbele, anapiga mbinja ya ushindi. Dada Barno alichukua mlango wa kushoto na kusema kwa sauti ya asali kwamba katika ukoo wao wanawake walifundishwa mkate unaingia tanurini, lakini labda Rishton wana tanuri zenye magurudumu.

Nilimjibu moyoni. Jibu lilikuwa zuri mno, nasikitika hakulisikia.

Makombo tumewapelekea kondoo. Kondoo wamenusa na kugeuza nyuso. Hata yule aliyepanda gari langu! Kuku wamekubali, kwa masharti.

Mchana Ulmas akapiga simu ya picha. Alikuwa na kofia ya chuma kichwani na chokaa kwenye kope. Mama yake alimweleza yote bila kupumua. Ulmas alianza kucheka mpaka simu ikaanguka, nikaona dari la mahali anapolala. Nilipopata simu mimi, hakuwa akicheka tena. Akauliza mkate wake bado upo ukutani. Nikasema upo. Akauliza sijausugulia kitu. Nikamwambia mpumbavu wewe. Akasema Sanobar, usimpe Tohir ufunguo, nenda kwa mama yako. Nikasema ndiyo. Nikamwonyesha Oydin, naye mtoto akabusu kioo, nikakipangusa na kitambaa kilichokuwa na mafuta. Sasa namwona Ulmas kwa ukungu.

Jumamosi, 7 Septemba

Hatua ya mwisho ya Bwana Upara ni krimu nyeupe. Anapaka, anangoja, anapangusa kwa mviringo. Najua mnafikiria nini. Hapana, si krimu ya mapishi, sijarukwa na akili. Nimetumia mtindi uliochujwa. Mama yangu hupaka mtindi usoni na ana ngozi ya msichana.

Na umefanya kazi! Kweli tupu. Gari ni jeupe, mtindi ni mweupe, hakuna anayejua umebaki wapi. Mikwaruzo imejaa. Nzi wamekuja wachache tu.

Ndani nimekwangua tope la dashibodi na nimepuliza mafuta mapya, safari hii kidogo. Usukani nimeupa zaidi, kwa heshima.

Jioni ukaguzi. Mama mkwe alizunguka gari mara tatu mikono nyuma kama askari wa barabarani. Kwa mbali, akasema, linafaa. Kwa karibu linanuka kama kifungua kinywa. Akasema litamleta bibi arusi kwa sababu kashatangaza mtaa mzima na hawezi kurudisha maneno mdomoni. Tohir ataliendesha.

Halafu akasema baada ya harusi ufunguo ubaki kwa Tohir. Hakusema kwa ubaya. Alinishika kidevu, akasema wewe mtoto una moyo mzuri na mikono ya hatari.

Tohir akaning'iniza ufunguo kidoleni, akauzungusha. Dada Barno akasema Alhamisi watakwenda nalo sokoni kununua zulia.

Alhamisi! Siku niliyomwahidi mama yangu kumpelekea Oydin. Kashaanza kukausha aprikoti za Oydin, yale matunda madogo ya njano, kaniambia. Kila moja kaitoa kokwa asije akapaliwa.

Nimelia kidogo ndani ya kabati la magodoro. Kisha nikafunga riboni kwenye gari. Nyekundu na dhahabu, mbele na nyuma, nyingi, nyingi. Kama haling'ai, basi lisionekane.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekaa sasa. Niandike kwa mpangilio.

Msafara uliondoka na honi na tarumbeta. Tohir mbele katika gari la bibi arusi, suti mpya ya kijivu, bwana harusi pembeni yake. Sisi wanawake nyuma kwenye gari la rafiki yao. Nilikuwa nimempakata Oydin, Mama mkwe kulia kwangu, Dada Barno kushoto, manukato ya kutosha kuzimisha moto.

Upepo ukapeperusha riboni za nyuma. Na chini ya riboni, kwenye kifuniko cha buti, pembeni, upande wa kulia, nikaona.

Mkate!

Kipande kizima! Ukubwa wa kiganja! Kimesahaulika! Kimeota jua siku zote hizi, kahawia, kimevimba vizuri, kinatucheka!

Nikamkandamiza Mama mkwe mkono. Akatazama. Akageuka rangi ya jivu. Dada Barno naye akaona, akaanza kutabasamu taratibu, jino moja baada ya jingine.

Hatukuweza kufanya lolote. Tulifika. Kwa akina bibi arusi barabara nzima ilikuwa nje. Na bibi yake bibi arusi, mkongwe mwenye macho kama ya mwewe, akatoka na chetezo, moshi wa majani ya isiriki wa kufukuza husuda, akaanza kulifukiza gari. Mbele. Milango. Nyuma. Akafika kwenye buti. Akasimama.

Akainua riboni.

Tarumbeta zikanyamaza, au mimi ndiye niliyeziba masikio.

Akakigusa. Akakibandua kwa vidole, kikatoka chote, kizima, bila kuvunjika. Akakitazama chini na juu. Akauliza nani ameweka mkate kwenye gari la mjukuu wake, na kwa sababu gani.

Nilifungua mdomo nikiri. Wallahi nilifungua. Lakini Mama mkwe alikwishashuka garini. Alinyoosha shali yake, akainua kidevu, akasema kwa sauti ya kusikika mitaa miwili: Kwetu bibi arusi hapandi gari lisilo na mkate. Ni desturi yetu ya tangu zamani. Gari hupikiwa mkate kabla ya safari, ili asiingie nyumbani kwetu na njaa hata siku moja. Na ni lazima uokwe na jua, ukandwe kwa mikono ya mwanamke mwenye mtoto.

Dada Barno alimeza tabasamu lake, nikasikia likishuka.

Yule mkongwe akaubusu ule mkate. Akaugusisha paji la uso. Machozi! Machozi ya kweli! Akasema watu siku hizi wanaleta magari marefu na muziki na hawana chochote ndani, na hawa wameleta mkate. Akamkumbatia Mama mkwe. Akauliza ni nani mwenye mkono huo. Mama mkwe akanisukuma mbele na kusema, bila hata kupepesa, mwanangu huyu, Sanobar, ndiye anayeijua desturi vizuri zaidi.

Nilibusiwa na wanawake wapatao arobaini.

Bibi arusi, Zebiniso, akaingizwa garini akilia kama inavyopasa. Nikapandishwa naye kama mwenye desturi, Oydin mapajani. Milango ikafungwa. Harufu ya pilau ikapanda. Zebiniso akalia, akanusa, akalia, akanusa. Chini ya shela akaninong'oneza dada, hiyo pilau iko wapi, sijala tangu jana. Tumbo lake likanguruma kwa nguvu kiasi kwamba bwana harusi aligeuka. Nikampa biskuti ya Oydin.

Kwenye kona ya mfereji Tohir akakata usukani. Usukani ukakataa! Mikono yake ilizunguka, usukani ukabaki! Akashika tena, ukamponyoka kama samaki. Tohir akapiga kelele ya msichana. Gari likaenda polepole, kwa adabu zote, likaingiza gurudumu moja mferejini na kutulia. Zebiniso akaacha kulia kabisa. Akacheka. Akacheka mpaka shela ikahama, na Oydin akacheka kwa kuwa mwingine anacheka, na Dilmurod akacheka kwa kuwa ameoa anayecheka.

Vijana walitunyanyua, hakuna hata mchubuko. Lakini Tohir! Mafuta mpaka kwenye viwiko! Suti ya kijivu ina ramani! Na kwa sababu alijifuta jasho, uso wake unang'aa kama dashibodi yangu ya Jumatano.

Tulipofika nyumbani alishuka na kumwambia mama yake mbele ya wageni wote kwamba hili si gari, hili ni sambusa. Kwamba hataki kuligusa tena mpaka Urusi ihamie Kokand. Akarusha ufunguo.

Mama mkwe akaudaka! Sikujua anaweza. Akautazama. Akatazama wageni wa akina bibi arusi, wote wanatusikiliza. Akautia mkononi mwangu na kusema ufunguo unakaa kwa mwenye desturi.

Halafu, sikioni kwangu, bila kuondoa tabasamu la wageni: ukithubutu kuliosha tena nitakurudisha Rishton ndani ya buti.

Alhamisi, 12 Septemba

Rishton! Nimeendesha mwenyewe! Polepole, trekta mbili na punda mmoja wamenipita, lakini mwenyewe.

Wiki ina maajabu yake. Mke wa kinyozi alikuja Jumatatu kuuliza mkate unabandikwa upande gani, binti yake anaolewa. Mama mkwe akamjibu bila kufikiri: buti, kulia. Jumanne wakaja wengine wawili. Dada Barno amesikika akieleza kisimani kwamba yeye ndiye aliyebandua mlango wa kushoto kwa mikono yake.

Mama alikuwa amekaa getini kwenye kiti, magoti amefunikwa, bakuli la aprikoti mkononi. Nilipozima gari hakusimama, hawezi, alinyoosha mikono tu. Oydin alimkataa kwanza. Alijificha nyuma ya sketi yangu. Kisha akaona bakuli. Kisha akaona kikombe cha Mama cha bluu, kile cha tangu nikiwa mdogo, akakichukua, akakiachia.

Kikavunjika.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema basi huyu ni wetu. Sasa Oydin kalala mapajani pake, mdomo wazi, aprikoti moja ngumini, na Mama hataki kusogea ingawa mguu umekufa ganzi. Ananusa nywele zake. Kaniuliza mbona mtoto ananukia pilau. Nimemwambia ni habari ndefu.

Upepo umetulia. Gari liko kivulini, zuri kwa mbali. Ila nimefungua boneti kidogo kutazama, kutazama tu, na Yarabi, injini ina vumbi la kutisha! Mama mkwe alikataza kuosha gari. Injini hakuitaja.

Bwana Upara ana video ya injini. Nimeiangalia sasa hivi. Sauti nimezima, mtoto kalala. Anamimina kitu chekundu, chekundu cheusi, kila mahali, bila woga, na uchafu wote unatiririka chini. Nikasimamisha picha. Nikaisogeza karibu. Chekundu. Chepesi. Lazima kiwe kichachu, maana kinakata mafuta. Nani asiyekijua? Mama husafisha birika za shaba kwa juisi ya komamanga!

Nimemuuliza kama anayo ya mwaka jana. Kasema iko ghalani, nichukue kikombe.

Nimemwambia kikombe hakitatosha. Naubeba mtungi.